Aliyesuuza Vibaya

Karatasi ilikuwa na mistari minne tu, lakini yule binti aliisoma kama mtu anayechambua mchele. Kidole kilitua juu ya neno, kikanyanyuka, kikatua juu ya jingine. Hawakumwita Taratibu bure. Alikuwa mwosha vyombo wa maabara ya chuo kikuu, aliyeishia darasa la saba, na leo alikuwa amekalishwa kwenye kiti cha mikutano chenye magurudumu, kalamu ya watu mbele yake.

"Nathibitisha kwamba sikuchangia lolote," ilisema karatasi, "katika ugunduzi wa gundi ya maganda ya muhogo."

Dereva alishasaini ya kwake. Mlinzi pia. Shangazi yake, anayepiga deki ghorofa zote tatu na ndiye aliyemwombea kazi hapa, alisaini asubuhi bila hata kutafuta miwani. Kiwanda cha maboksi kilitaka kuichukua gundi hiyo, kiachane na ile ya kemikali ya kwenye mapipa ambayo mabaki yake yalikuwa yanaua samaki mtoni. Lakini kwanza kilitaka kujua wagunduzi ni nani hasa, asije mtu kuibuka kesho na madai. Kwa hiyo kila aliyewahi kukanyaga maabara alipewa karatasi yake.

"Saini, mwanangu," shangazi alinong'ona kutoka mlangoni. "Wakubwa wana shughuli zao."

"Nasoma, shangazi."

"Mistari minne, tangu saa nne?"

Taratibu akairudisha kalamu katikati ya meza. "Hii sisaini. Si kweli."

Afisa wa mikataba, ambaye jengo zima lilimwita Bwana Mhuri, akamtazama Daktari wa kemia, mwenye gundi yake. Daktari akamtazama mama aliyetumwa na kiwanda cha maboksi. Mama wa kiwandani hakumtazama mtu. Alikuwa anakunywa maji.

"Binti," Daktari alisema kwa upole, "kuosha masufuria si utafiti."

"Ndiyo maana nimekataa, Daktari. Mimi sikuosha. Wewe mwenyewe ulisema sikuosha."

Shangazi akafumba macho. Alilijua jambo lenyewe, na alikuwa ameomba lisitajwe hapa. Mwaka uliopita gundi ilikuwa inaoza kila siku ya tatu, inaota ukungu na kunuka kama soksi za mlinzi. Wakati huohuo sabuni ikaisha stoo na maji yakawa ya mgao. Taratibu akasugua masufuria kwa majivu kama anavyofanya kwao, akayasuuza juujuu. Gundi iliyopikwa humo ikapita siku ya tatu, ikapita ya kumi, haijaharibika. Binti akanyamaza, akaendelea kutazama. Akayachora vitako kwa mkaa, haya nimesuuza, haya nimeacha, na kwa wiki tano alihesabu siku. Kisha akaenda kumwambia Daktari. Alichopata ni bahasha.

Bahasha hiyo aliitoa sasa kwenye mfuko wa aproni, akamsukumia mama wa kiwandani.

"Barua ya onyo unaitunza?" shangazi alishindwa kujizuia. "Wenzio huwashia jiko."

Mama wa kiwandani akasoma kwa sauti. "Umekuwa ukiacha majivu ndani ya masufuria ya gundi, na kujitetea eti gundi iliyopikwa humo haiozi. Tabia hii ikome mara moja." Akaigeuza, akaangalia sahihi na tarehe. "Na kwenye daftari lako la utafiti, Daktari, majivu yanaanza lini?"

Daktari alifunua kurasa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Masikio yalikuwa yamemwiva. "Miezi miwili baada ya hapo," alisema.

Bwana Mhuri akajikohoza. "Binti, unajua ajira yako hapa inaisha mwezi ujao?"

"Najua, mzee. Hiyo nayo niliisoma."

"Na bado unataka kuonekana mbishi?"

"Nataka niandikwe. Mkinifukuza, mtamfukuza mgunduzi. Mtaandika hivyo pia."

Mama wa kiwandani akafunga mkoba wake. "Mimi sichukui gundi ambayo mwenyewe amekaa hapa ananiangalia. Andikeni fomu nyingine, nasubiri."

Hakukuwa na wa kuagizwa, kwa hiyo Daktari akaivuta fomu mpya mwenyewe. Jina la Taratibu aliliandika haraka. Kwenye nafasi ya mchango kalamu ikasita.

"Tuseme usafi wa vifaa?"

"Hapana. Andika kwamba sikusuuza vizuri, nikaona majivu yanazuia gundi isioze, nikatazama wiki tano mpaka nikawa na hakika."

"Unataka liandikwe na hilo la kutosuuza?"

"Ndilo mlilonionya. Liandike."

Daktari akaandika, akamgeuzia karatasi. Taratibu akainama juu yake, kidole kikaanza safari upya kutoka neno la kwanza. Bwana Mhuri akatazama saa. Shangazi akaegemeza deki ukutani, akavuta kiti, akakaa humohumo chumbani kwa wakubwa, miguu akainyoosha.

Kidole kikasimama kwenye mstari wa pili.

"Daktari, hapa umeandika 'alisaidia kuona'."

"Ndiyo."

"Nilimsaidia nani?"

Daktari akakata maneno hayo kwa mstari mmoja. Kisha akaandika juu yake 'aliona', akaweka sahihi pembeni, na kidole kikaendelea na mstari wa tatu.