Plamu za Mlangoni kwa Tsonka

Alhamisi ile, baada ya kula, Tsonka alikunja kitambaa cha meza upande wa kompyuta, akakusanya makombo ya mkate kiganjani na kuyamwaga dirishani kwa ajili ya shomoro. Supu ya maharage ilikuwa imebaki nusu sufuria, imefunikwa kwa sahani. Alivaa miwani ya kusomea, akabonyeza kitufe, akakaa. Kompyuta yake ilikuwa ya zamani, ikiamka taratibu kama mtu mwenye magoti mabovu, na yeye hakuwa na tabia ya kumharakisha mgonjwa.

Wakati huohuo, mbali kule Uhispania, mdogo wake Velika alikuwa akifunga polepole mlango wa chumba cha Doña Amparo, bibi kizee ambaye Velika aliajiriwa kumtunza. Doña Amparo hulala kila siku baada ya chakula cha mchana, na usingizi huo ndio muda pekee ambao Velika anaweza kuuita wake. Basi hapo ndipo dada hao wawili walipokuwa wakikutana shambani.

Shamba lilikuwa ndani ya mchezo wa kompyuta. Ni mchezo wa kulima: unapanda, unamwagilia, unavuna, na ukipenda unamwekea mwenzako kapu mlangoni pake. Wao walikuwa wamepanda miplamu mitupu, safu kwa safu, kama lilivyokuwa shamba la baba yao kabla halijauzwa ili Velika apate nauli ya kwenda kutafuta kazi. Mti uliopinda waliuweka karibu na kisima. Kisima chenyewe walikihamisha mara kadhaa, maana Tsonka alikumbuka kilikuwa kushoto na Velika akakumbuka kulia, wakabishana kwa kuandikiana mchezoni hadi Doña Amparo akaamka.

Kwa simu hawakuweza. Kwa simu Velika alikuwa akisema, "Dada, habari za nyumbani?" kisha analia, na Tsonka anabaki na simu sikioni bila la kufanya. Shambani hawakulia. Mikono ilikuwa na kazi.

Mchezo huo Tsonka aliununua kwa bei kamili, na jambo hilo lilizungumzwa kwenye ngazi za jengo lote, kwa sababu huku ni Gabrovo, mji wa Bulgaria, na sisi Wagabrovo tunasifika kwa ubahili, hata kwa kuwakata paka mikia ili wapite mlangoni upesi, joto la jiko lisitoke nje.

"Shoga, hebu nieleze," alisema Dimka wa ghorofa ya chini. "Mfumo wa kompyuta umewekewa na Minko bure. Halafu mchezo unanunua? Si angekuibia na huo?"

"Waliotengeneza mfumo wametaka uwe wa bure," Tsonka alijibu. "Waliotengeneza mchezo hawakutaka. Cha mtu ni cha mtu."

Minko ni jirani wa mlango wa pili, fundi wa lifti aliyestaafu. Mfumo wa kulipia ulipokataa kukaa tena kwenye kompyuta ya Tsonka kwa sababu ya uzee wake, yeye ndiye aliyekuja na Linux, mfumo ambao mtu yeyote anaruhusiwa kuufungua na kutazama ndani. Mchezo wa shamba haukuundwa kwa ajili ya Linux. Kwa hiyo Minko aliweka katikati yao programu ndogo aliyoiita mkalimani: mchezo unaomba kwa lugha yake, mkalimani anaeleza, Linux anatekeleza. Na kweli ulitekelezwa vizuri, isipokuwa kivuli cha kisima kilichoelekea upande usio wake.

Alhamisi hiyo, Tsonka akiwa anavuna safu ya tatu, plamu moja ilitoka nyuma ya kompyuta, kwenye matundu ya kutolea joto. Ilibingirika mezani na kusimama kwenye kisanduku cha miwani.

Tsonka aliichukua. Ilikuwa ya buluu, vuguvugu kidogo kwa sababu ya feni, na ile poda nyeupe ya plamu ambayo haijashikwa na mtu ilikuwa bado juu yake. Aliigawa kwa vidole. Kokwa iliachia vizuri. Alionja, akaweka kokwa pembeni ya sahani, akaendelea kuvuna, kwa sababu Velika alikuwa akimngoja kwenye mti uliopinda. Hadi Doña Amparo anaamka, bakuli la saladi lilikuwa limejaa.

Kesho yake alimwita Minko. Minko alikuja na tochi na brashi ya rangi, akafungua kisanduku cha kompyuta, akapuliza vumbi.

"Zinatoka wapi hasa, jirani?"

"Hapo, kwenye feni."

"Na ukifunga mchezo?"

"Hazitoki."

"Ukipanda viazi badala ya plamu?"

Tsonka alikuwa hajajaribu. Wakapanda viazi. Vilitoka, lakini na udongo, wakalazimika kusafisha feni tena. Wakarudi kwenye plamu.

Minko hakuridhika. Mtu wa Linux akiona kitu kinatokea kwa jirani, hawezi kulala mpaka ajue kama na kwake kinatokea. Alikwenda akaununua mchezo uleule, yeye ambaye mfuko wa chai huuanika na kuutumia tena, akaujaribu kwenye kompyuta yake. Jioni alirudi amenuna.

"Kwangu yanatoka majani tu."

"Labda hukuvuna vizuri."

"Nimevuna vizuri! Ni mkalimani wangu, ni toleo la zamani." Akaenda kuweka jipya. Siku iliyofuata alipata plamu, ndogo, zenye makovu ya mvua ya mawe. Kwa Dimka, ambaye kompyuta yake ilikuwa na mfumo wa kulipia, walijaribu mchana kutwa na hakikutoka kitu ila hewa ya moto.

"Ule umepigiliwa misumari kila upande," Minko alieleza huku akila. "Huu wetu hakuna aliyeupigilia. Kitu kikitaka kupita, kinapita."

Dimka alikubali kwamba inaelekea ni hivyo, akauliza kama anaweza kupewa kilo chache za kutengenezea jamu. Alipewa. Mwezi huo jengo zima lilinukia plamu zinazochemka. Masufuria yaliwekwa uani, watu wakapokezana mwiko, na malalamiko yaliyosikika yalikuwa ya kokwa zilizotupwa kwenye maua.

Tsonka alishikwa na jambo moja. Alilipia mchezo. Matunda hakuyalipia.

"Na wenyewe hawajui kwamba wanavujisha," alimwambia Minko. "Kama ni hasara kwao?"

"Basi tutaripoti," alisema Minko, na uso wake ukachangamka, maana hakuna kitu anachokipenda zaidi. "Kitu kikiharibika, unaripoti. Kikifanya kazi kupita kiasi, unaripoti vilevile. Hii programu yote tunayotumia imetengenezwa hivyo, watu wanaambiana ukweli. Andika: nini ulifanya, nini ulitarajia, nini kilitokea."

Tsonka akaandika, kwa kidole kimoja. Alifanya: alivuna. Alitarajia: plamu kwenye kapu la mchezo. Kilichotokea: plamu mezani, kilo sita, tamu. Minko akamwongezea majina ya mfumo, mkalimani na feni, hata umri wa kompyuta, bila kuficha hata kimoja. Wakatuma kwa kampuni ya mchezo.

Jibu lilikuja baada ya muda si mrefu. Kampuni ilimshukuru. Kuhusu plamu haikusema neno. Ilisema imetambua kwamba mteja anatumia mfumo ambao mchezo haukuundwa kwa ajili yake, na kwamba kwa ajili ya usawa wa wachezaji wote, toleo linalofuata litakuja na mlinzi, programu ya kuwanasa wadanganyifu.

Toleo likaja. Tsonka alikunja kitambaa cha meza, akavaa miwani, akabonyeza. Mlinzi aliangalia upande huu na upande ule, akamwona mkalimani, na kwenye skrini yakatokea maneno mekundu: Mdanganyifu amezuiwa.

Tsonka aliyasoma mara mbili. Alitazama nyuma yake, jikoni, kama kuna mtu mwingine.

Minko alitumia siku kadhaa kumbembeleza mlinzi. Alibadilisha mkalimani, akabadilisha toleo, akauliza wenzake wa Linux wa nchi nyingine, na wote walimjibu kwamba na kwao ni vivyo hivyo. Pesa kampuni ilikataa kurudisha, kwa kuwa mteja alikuwa ameshaucheza mchezo sana.

"Ni mimi niliyekwambia uripoti," alisema Minko mlangoni, kofia mkononi.

"Uliniambia niseme kweli," alisema Tsonka. "Ingia, kuna supu."

Simu ililia mchana huo.

"Dada, habari za nyumbani?" alisema Velika, kisha akalia. Tsonka alingoja. Alimsikia akipenga kamasi mbali na simu, ili Doña Amparo asisikie. "Nimesimama kisimani siku tatu, dada. Nasema labda umeme umekatika. Nasema labda umenikasirikia."

"Nikukasirikie kwa lipi, wewe kichwa cha boga? Wamenifungia mlango."

"Nani kakufungia?"

"Wenyewe. Wanasema nadanganya."

"Wewe? Wewe uliyemrudia muuza mkate kwa sababu kakuzidishia chenji ya shaba?"

"Ndiyo mimi huyo."

"Nunua kompyuta mpya, basi. Nitakutumia."

"Utatuma nini, mtoto? Unasema mwenyewe magoti yanakuuma, kanunue viatu. Halafu nikanunue tena nilichokwisha kununua?"

Kengele ya Doña Amparo ikalia kule, Velika akakata simu.

Plamu zilikoma. Dimka aliosha masufuria na kuyarudisha stoo. Hata hivyo Tsonka aliendelea kuiwasha kompyuta kila siku baada ya kula, kwa mazoea, akaketi mbele yake na ushonaji wake. Hakuufungua mchezo. Alitazama tu picha ya jani iliyoko kwenye skrini.

Wiki ya pili, akiwa anatunga uzi, kitu kiligonga meza. Ilikuwa plamu. Ikafuata nyingine, kisha zikaja kwa mfululizo, kama mtu anayemimina kapu kwa uangalifu zisichubuke. Ya mwisho ilikuwa mbichi, ya kijani kibichi, ngumu kama jiwe.

Tsonka aliishika ile mbichi kwa muda mrefu. Katika mchezo plamu mbichi haina thamani yoyote, haiuziki, na hakuna anayeivuna. Ila walipokuwa wadogo, yeye alizipenda hizo kuliko zilizoiva, akizichovya kwenye chumvi hadi tumbo linamuuma, na Velika ndiye aliyekuwa akipandishwa mtini kumchumia, kwa kuwa alikuwa mwepesi.

Alimpigia simu.

"Velika, umefanya nini leo?"

"Nimevuna. Nimekuwekea mlangoni pako, kule shambani. Najua hutoki, lakini mlango si wako?"

"Na ile mbichi?"

Velika akacheka, kwa mara ya kwanza kwenye simu. "Ina maana zimefika! Chumvi unayo?"

Minko aliletewa habari, akaja na tochi. Alichunguza feni, akatikisa kichwa taratibu. Mlinzi amewekwa kwenye mlango wa kuingilia, alisema, ila hakuna aliyemwambia aangalie vinavyotoka. Alitaka sana kuripoti. Tsonka alimtazama juu ya miwani, Minko akaweka mikono mfukoni.

Lakini vuli ilipofika alishindwa kujizuia, akaandika kidogo tu, bila kutaja plamu. Aliuliza lini watu wa Linux watafunguliwa mlango wa mchezo walioulipia. Kampuni ilimjibu kwa adabu kwamba imeangalia takwimu zake, na kwamba hakuna mtu yeyote anayecheza mchezo huo kwa mfumo huo, kwa hiyo hakuna aliyeathirika.

Minko alimsomea Tsonka jibu hilo uani, penye moto. Tsonka alikuwa ameshika mwiko, Dimka anapanga chupa kwenye boksi na kuzitenganisha kwa magazeti.

"Hakuna mtu?" aliuliza Dimka. "Na hii jamu ni ya nani?"

"Funga vizuri vifuniko," alisema Tsonka. "Basi linaondoka saa tisa."

Boksi hupanda basi la Uhispania pamoja na maboksi mengine ya watu wa Gabrovo, yenye jibini na soksi na dawa za kienyeji. Velika huenda kulipokea kituoni. Anampakia Doña Amparo jamu kwenye mkate, na Doña Amparo, ambaye hajui kisa chote, husema plamu hizi zinaonekana zimechumwa na mtu mwenye subira. Velika humjibu kuwa ni kweli. Kisha bibi hulala, naye huketi kwenye kompyuta, hupita kisimani, hupita kwenye mti uliopinda, na kuanza safu ya kwanza.

Huku Gabrovo, Tsonka hukunja kitambaa cha meza. Kila mara kunapotoka toleo jipya huufungua mchezo, husoma kwamba yeye ni mdanganyifu, na huufunga. Kisha huweka beseni nyuma ya kompyuta, na taulo ndani yake ili zisipasuke. Kidau cha chumvi hukaa hapo karibu na kipanya, na hakihamishwi hata siku ya wageni.