Akili Kuu Haikohoi

Kila alfajiri nyumba ile ilizimwa kama taa, ili Upendo Mkuu upate kusema. Bomba lilifungwa, feni ilizimwa, jogoo wa jirani alilaaniwa kimoyomoyo, na cherehani ya Fundi, ambayo ndiyo iliyowalisha wote humo ndani, iliamriwa inyamaze. Kisha mume wake aliingia kabatini. Naam, kabatini! Aliketi kwenye kigoda, makoti yakimpapasa mashavu, akaurudisha mlango na kuishika simu mbele ya mdomo, maana aliambiwa kwamba nguo hunyonya mwangwi na kuifanya sauti iwe nzito.

"Wapendwa," ilianza sauti hiyo, laini kama mafuta ya nywele, "ukimwaga chai asubuhi, usiseme umeimwaga. Sema, katika Akili Kuu hakuna kinachomwagika."

Fundi alikuwa upande wa pili wa mlango, tambara mkononi. Chai ya jana aliifuta yeye. Hakuna kinachomwagika, wee! alijisemea. Na lile doa la zulia limeletwa na malaika?

Watu walimwita huyo mume Baba Tafakari. Zamani alikaa dirisha la malalamiko kwenye ofisi ya maji, na huko ndiko alikojifunza kumsikiliza mtu kwa upole mpaka aondoke na shida yake vilevile alivyokuja nayo. Alipostaafu akatangaza kwamba Mungu ni Upendo na ni Akili, na kwamba mengine yote, maradhi, njaa na ugomvi, ni ndoto tu ya mtu asiyetafakari. Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Yeye upara ulishamfika kisogoni, ndiyo maana akaazima ya Mungu. Mamia ya watu walimsikiliza kwa simu wakiwa bado kitandani, wakamjibu kwa amina na picha za maua. Fundi hakuwa na ugomvi na Mungu hata kidogo. Alimwomba kwa maneno machache, huku akitunga uzi kwenye sindano, na aliamini anasikiwa. Aliyemchefua ni huyu msemaji wa kabatini.

Na msemaji naye alikuwa na shida moja, nayo ilikuwa mama yake mzazi.

Mama alikuwa mzee, kifua kibovu, na chumba chake kilipakana na kabati lile, ukuta kwa ukuta. Kikohozi chake kilikuwa na mtindo wake. Kilianza kidogokidogo, kikapanda, kikakatika, halafu mwenyewe aliguna, "Mh! Bado nipo." Asubuhi hadi asubuhi, hivyohivyo. Basi wapendwa wakawa wanaletewa mambo mawili kwa pamoja: Upendo Mkuu hauugui, kho, kho, kho, mh, bado nipo. Siku moja mmoja wao akaandika, "Baba Tafakari, ni nani anaumwa hapo kwako, tumwombee?"

Lo, aibu iliyomshika! "Akili Kuu haikohoi," alimwambia Fundi kwa ukali, utadhani yeye ndiye aliyempa mama kile kifua. Siku ileile akaamua mama ahamie stoo ya uani, kule Fundi alikotupa mabaki ya vitambaa na magunia. Alidai kuna hewa safi. Hewa gani, na dirisha lenyewe lapitisha ngumi tu? Fundi alifyonza, akabwata, akamwita mumewe majina ambayo hayatamkwi mbele ya watu. Kisha akashika upande mmoja wa godoro. Ndiyo, akashika. Alikuwa na magauni ya harusi ya kumaliza, akachoka kubishana na mtu ambaye kila ukimtukana anakusamehe. Mama hakulalamika. Aliuliza tu, "Huku nikikohoa sitawasumbua?"

Asubuhi iliyofuata Fundi alisikiliza mlangoni.

"Wapendwa, mlizoea kumsikia mama yangu. Leo sikilizeni." Kukawa kimya kirefu. "Mnasikia? Mama amepona. Ni mzima kabisa."

Alipotoka kabatini, Fundi alikuwa amesimama mbele yake.

"Amepona?"

"Katika Akili Kuu, ndiyo."

"Na stoo je?"

"Mke wangu, wewe unang'ang'ania sana mambo ya mwili."

"Mwili ndio ninaoufulia mashuka," alisema Fundi. "Hiyo Akili yako sijawahi kuifulia hata leso."

Baba Tafakari alitabasamu, akamsamehe.

Zikapita wiki. Asubuhi moja Fundi alikuwa barazani akimpima gauni mama mmoja mwenye duka la viatu, mfuasi kindakindaki, aliyeshikizwa pini kuanzia kwapani hadi nyongani. Hakuweza kuinama wala kugeuka, ila mdomo haukuwa na pini, kwa bahati mbaya.

"Baba, ule ushuhuda wa mama yako mimi huurudia kila siku," alikuwa akisema. "Kile kimya! Nikasema hakika Mungu ni Upendo."

Baba Tafakari, aliyeketi hapohapo akisubiri sifa kama paka asubirivyo utumbo, aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu. Fundi akatamani pini moja iteleze.

Hapo ndipo mtu aliposimama kwenye geti, begi dogo begani, viatu vyekundu kwa vumbi. Alikuwa shemeji yake Fundi, kitinda mimba wa mama mkwe wake, fundi wa kuchomelea mageti katika mji wa mbali. Miaka mingi hakuonekana. Siku walipomzika baba yao, Baba Tafakari alisimama mbele ya waombolezaji na kusema, baba hakufa, ameamka tu katika Akili Kuu. Mdogo wake, koleo mkononi, akajibu kwa sauti, "Kama ameamka, mbona tunamfukia?" Watu wakacheka pale pale makaburini. Tangu siku hiyo akapigwa marufuku kukanyaga nyumba ile, namba yake ikafungiwa, na yeye mwenyewe, kwa kiburi kilekile cha ukoo wao, akaapa kwamba hatapiga simu wala hatabisha hodi.

Sasa alikuwa amekuja. Hakumsalimu mtu.

"Shemeji," alisema, "kaburi liko wapi?"

Fundi alitema pini alizozibana midomoni. "Kaburi la nani?"

"La mama. Nionyeshe tu. Sitakaa."

"Nani kakuambia mama amekufa?"

Alimwelekezea kaka yake kidole. "Huyo. Kila alfajiri namsikiliza, kwa namba asiyoijua, kabla sijawasha mashine."

Uso wa Baba Tafakari ulichanua. "Ndugu yangu! Kumbe ulikuwa unasikiliza tafakari!"

"Tafakari?" Yule mdogo alimwangalia kama mtu anayeangalia kilichokwama kwenye soli. "Kaka, hata neno lako moja sijawahi kuliweka moyoni. Nilikuwa namsikiliza mama. Akikohoa, akisema bado nipo, nazima simu naenda kazini. Siku nzima nafanya kazi vizuri. Halafu siku moja hakuna kikohozi. Unasema amepona, ni mzima kabisa. Nikakumbuka ulivyosema kuhusu baba tukiwa na makoleo mikononi. Nikajua nimefiwa. Ikabidi nitafute nauli, kisha nitafute na ujasiri. Sasa nionyesheni kaburi."

Fundi aliuachia upindo wa gauni. Kumbe mtoto wa watu alikuwa akiishi kwa kikohozi, na wao wakakifungia stoo! Na godoro lile upande mmoja alilibeba nani? Ni yeye, mwenye ulimi mkali na mikono mitiifu. Alijidharau siku hiyo kuliko alivyowahi kumdharau mumewe, na hilo si jambo dogo.

"Njoo," alisema.

"Mke wangu," Baba Tafakari aliinuka, "kwanza tutulie, tutafakari..."

"Tafakari na kiti chako!"

Wakazunguka nyuma ya nyumba, Fundi mbele, shemeji nyuma yake, na mwisho yule mama wa viatu, akitembea wima kama mlingoti kwa hofu ya pini, maana heri achomwe mwili mzima kuliko akose kuona. Fundi alisukuma mlango wa stoo. Harufu ya magunia ikawapokea. Mama alikuwa amekaa juu ya godoro, kanga mdomoni, akiwa ameibana kwa mikono miwili. Alikuwa akijizuia. Wiki zote zile, hata huko nyuma ambako hakuna aliyemsikia, alikuwa akikohoa ndani ya kanga ili asimharibie mwanawe kazi ya Mungu.

Alimwona aliyesimama mlangoni, mikono ikaiachia kanga. Kikohozi kilichomtoka kilitikisa kuta. Kilianza, kikapanda, kikakatika.

"Mh," akasema, akihema. "Bado nipo."

Yule mwanamume akaketi chini sakafuni, katikati ya vitambaa, akalia bila kujificha. Mama alimshika kichwa. "Umekonda," alimwambia. "Hao unaowatengenezea mageti hawakulishi?"

Baba Tafakari alikuwa amefika mlangoni. Mama wa viatu akamgeukia, taratibu, mwili mzima kwa pamoja.

"Ulisema amepona."

"Kwa maana ya juu, dada yangu..."

"Ya juu wapi, na mtu yuko nyuma ya nyumba!"

Akamwomba Fundi amvue gauni, akaenda zake. Hata maua hakutuma tena.

"Kesho nitalieleza vizuri," Baba Tafakari alinong'ona. "Hili pia lina fundisho. Upendo Mkuu..."

"Una mikono huo Upendo wako?" Fundi alimkatiza. "Kama unayo, shika godoro upande wa miguu. Linarudi lilikotoka."

Alitazama huku na huku, akitafuta wa kumtetea. Hakuna aliyejitokeza. Akainama, akashika.

Alfajiri iliyofuata aliingia kabatini kama kawaida yake, maana debe tupu haliachi kuvuma. Bomba halikufungwa. Feni ilizunguka. Kupitia ukutani zikasikika sauti mbili, ya mama na ya kitinda mimba wake, wakisengenya watu waliokufa zamani. Mlango wa kabati ulifunguka kidogo.

"Mama," alisema kwa ile sauti yake ya mafuta, "nakuomba robo saa tu."

Mazungumzo yakakatika. Fundi, aliyekuwa ameketi kwenye cherehani, alimsikia mama mkwe wake akivuta kanga, akimjibu mwanawe kwa upole, "Sema tu, mwanangu. Nitakizuia kikohozi."

Fundi alikanyaga pedali, cherehani ikanguruma nyumba nzima.

"Kohoa, mama," alisema kwa sauti ya juu. "Usikizuie. Kohoa!"