Kilio cha Mwali wa Bi Zuena

Mara ya kwanza Bi Zuena kuusikia wimbo mpya wa mwanawe, alikuwa sokoni Mbagala anachagua nazi. Spika ilinguruma singeli mpaka meza zikatikisika. Katikati ngoma ikakatika, akasikika msichana analia: "Somo, mie naogopa." Kisha ngoma ikarudi kwa kasi, na muuza nazi, mtu mzima na ndevu zake, akashika kiuno akaanza kukatika.

Bi Zuena aliiacha nazi pale pale. Kilio kile alikijua. Kilikuwa cha Munira, bi harusi aliyemfunda mwezi uliopita chumbani kwake, mlango umefungwa. Yeye ni somo. Mabinti huletwa kwake kabla ya ndoa, na yanayosemwa mle ndani hayatoki, hata mama mzazi haambiwi. Siku ile mwanawe Suhaib alipita kumsalimia, akaomba aache simu yake chumbani ichaji. Kumbe simu ilikuwa inarekodi.

Huyo Suhaib ndiye Rangi Saba mnayemshangilia. Alianza kuimba kwenye vigodoro, zile ngoma za mtaani za usiku kucha, huko Mbagala Rangi Tatu, na alipotakiwa jina la usanii akasema tatu hazimtoshi. Nywele zilikuwa kijani kwenye wimbo wa kwanza, waridi kwenye wa pili, na sasa kichwa kizima ni kama kapu la ukili. Kipaji anacho, tusimdhulumu. Ila kutunga kunataka kukaa chini, na yeye kukaa chini hawezi, akakimbilia kiki, uongo wa kutafutia umaarufu. Mara kapofuka, mara figo zimekufa. Watu walimwombea misikitini na makanisani, kisha akaibuka mzima, kavaa koti la manyoya kwenye joto la Dar, ana wimbo mpya. Ushenzi mtupu. Mama yake aliyameza yote hayo, maana uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Hili la Munira lilimkwama kooni.

Alikwenda kwa Munira moja kwa moja. Mlango haukufunguliwa. Munira alisemea ndani.

"Mume wangu kaniuliza nilikuwa naogopa nini. Watoto ninaowafundisha chekechea wananiigiza ninavyolia. Umeniuza, somo."

"Wallahi sikukuuza, mwali wangu."

"Basi kamnyamazishe mwanao."

Bi Zuena alimwita Suhaib. Akaja Ijumaa baada ya swala, na swala yenyewe hakuswali, kafuatana na kijana wa kamera. Meno yalikuwa ya dhahabu, na manukato yalitangulia kuingia kabla yake.

"Shikamoo, mama."

"Ifute sauti ya yule binti."

"Mama, ile sauti ndo wimbo wenyewe! Nikiitoa inabaki ngoma tupu. Hata nimekuja na kamera ucheze kidogo, somo mwenyewe, tuitupie mtandaoni. Watu watachizika."

"Yule ni mke wa mtu, Suhaib. Alikuwa analia."

"Ndo maana imebamba, mama. Kilio cha kweli hakiigiziki."

Bi Zuena alimtazama kijana aliyemnyonyesha mwenyewe, akaona kinyaa kama mtu aliyekuta unywele kwenye mchuzi na tonge lishamezwa. Taa ya kamera ilikuwa inawaka. Akaigeukia.

"Mie ndiye mama yake, na mie ndiye somo. Sauti hii imeibwa chumbani kwangu. Na wewe Suhaib, usipoufuta wimbo huu, radhi yangu huna."

Neno hilo kwetu Pwani halitamkwi ovyo. Mama atakutukana, atakufukuza, atakurushia mwiko, na kesho atakupakulia wali. Radhi ni jambo jingine. Kijana wa kamera mwenyewe alishtuka. Suhaib akaduwaa, midomo ikamcheza, machozi yakamlengalenga, na Bi Zuena akadhani, alhamdulillahi, mwanangu amerudi.

Suhaib akamgeukia yule kijana. "Umeipata yote?"

Haikupita wiki, toleo jipya likatoka. Munira analia, ngoma inakatika, halafu anaingia mama mtu: "Radhi yangu huna! Huna! Huna!" Limekatwakatwa likapangwa juu ya ngoma, linakwenda kwa kasi ya cherehani. Bodaboda wanalipiga, saluni zinalipiga, watoto mtaani wanaitikia huna, huna, huku wanabinuka. Suhaib alipiga simu akiwa na furaha ya bwana harusi.

"Mama, tumewaka! Nyota ni wewe! Nilikuwaga nakwambia una sauti!"

Bi Zuena alikata simu, akaenda uani akatapika.

Alipomaliza, alisukutua, akajitanda ushungi, akatoka kwenda kwa Munira. Njiani watoto walimwimbia usoni. Hakuwajibu. Aina ya mtoto anayemwimbia mtu mzima hivyo aliijua, maana yeye alikuwa amemlea mmoja. Alibisha hodi, akangoja. Safari hii mlango ulifunguliwa.

"Nimekusikia, somo," Munira alisema. "Tangu asubuhi nakusikia kwa jirani."

"Nimeshindwa kumnyamazisha, mwali wangu."

"Najua."

Bi Zuena alianza kuomba msamaha, huku anafuta macho kwa ncha ya ushungi. Munira alimshika mkono, akamwingiza, akamkalisha kitandani. Akafunga mlango, akafunga na dirisha.

"Haya, somo," akasema. "Lia."