Mkwe Nyuma ya Ukuta

Hata leo Damari akisikia watu wanacheka uani, moyo humrudisha Itigi, enzi za Mwingereza, nyumba yao ikijaa wageni hadi vigoda vinaazimwa kwa majirani.

Walikuja kumtazama mumewe, Ignas. Alikuwa ameanguka mtini akirina asali, na tangu hapo nyonga haikumpa raha. Daktari wa misheni akasema kichwa cha mfupa wa paja kinakufa kwa kukosa damu. Akampasua, akaukata mfupa chini ya nyonga na kuugeuza kidogo, ili upande ulio mzima ndio ubebe mwili.

"Kiungo ni chako, nimekuachia," akamwambia. "Ila ukikanyaga kabla sijakuruhusu, mfupa utaachia, nami sina dawa nyingine."

Basi Ignas akawa wa kulala sebuleni, anatafuna habari za mji kama karanga. Nani kaoa, nani kamkimbia mume kwa treni.

Siku moja jirani yao Chrispin akachungulia nje. "Ignas, mkweo huyo! Na kuku kwapani!"

Vicheko vikakatika. Kwao mama mkwe haingii ndani mkwewe amelala. Mwanamume huinuka, akatoka kumpisha. Ignas akadaka mkongojo.

"Usikanyage!" Damari akapiga kelele.

"Nimpokee mama yako nimelala? Kwenu huko, Mtinko nzima itanisema!"

"Ikuseme! Lala!"

"Heri kilema kuliko aibu." Akateremsha mguu.

Mama Kristina, mkwe mwenyewe, alikuwa keshafika mlangoni, kasikia yote. Akawapa mgongo, akaketi chini palepale nje, akaegemea ukuta.

"Mkwe wangu," akaita, "mimi sijaingia wala sijakuona. Rudisha mguu kitandani. Haya, huyo mliyekuwa mnamcheka ni nani?"

Nyumba ikalipuka kwa kicheko. Ignas akajilaza, machozi yakimlenga.

"Shikamoo, mama," akasema kupitia ukutani.

"Marahaba, baba. Nipe habari."

Wageni wakahamishia vigoda nje. Mama Kristina hakuondoka hadi mfupa uliposhika, na umbea wa Itigi nzima ukawa unapita pale ukutani kwanza.

Wakati wa mavuno Ignas na Damari walikwenda Mtinko. Njiani wakamwona Mama Kristina anatoka kisimani. Ignas akachepuka, akaingia kwenye mtama kumpisha, akichechemea kidogo tu. Mama akapita, uso chini. Ni Damari peke yake aliyeona kwamba wote wawili walikuwa wanatabasamu.