Yoga Haivutwi

Methuselah alinisogezea kisanduku cha wino kabla hata sijaketi.

"Weka kidole hapa, shemeji, tumalize."

Karatasi ilikuwa mezani kwa mwenyekiti wa ufuo wa Sio Port. Ilikuwa na mistari minne, imeandikwa kwa mkono.

"Naomba kalamu," nikamwambia mwenyekiti.

Methuselah akacheka kidogo, mpaka nilipoanza kusoma. Nilisoma polepole, kidole kikifuata maneno. Mashua ya marehemu Egesa itatoka Sio Port hadi Port Victoria kwa tanga. Ikifika, ni mali ya mjane wake. Ikivutwa na boti nyingine kabla haijagusa mchanga, itapasuliwa na mbao zake zitakuwa za kaka yake. Nikaandika jina langu, Apeduno, herufi saba, na sikupita mstari. Mwaka mmoja kabla ya hapo, kabla sijaanza masomo ya jioni kanisani kwetu Malaba, ningeweka kidole na kwenda nyumbani bila kujua nimekubali nini.

Egesa alikuwa Msamia, mtu wa maji. Mimi ni Mteso wa Malaba, na kazi yangu ni kushona maturubai ya malori. Aliponioa aliandika neno moja la Kiteso ubavuni mwa mashua yake, YOGA, ambayo ni salamu yetu. Lilikuwa neno la kwanza nililomfundisha. Figo zilipomuua, Methuselah, kaka yake mkubwa, alichukua shamba na nyavu. Mashua hakuitaka mpaka aliposikia bei ya mbao za mvule kule Burumba. Basi kilichobaki cha mume wangu kilikuwa hicho, kimelala kifudifudi ufuoni miaka mitatu, na jua linakikausha. Nilipokataa kipasuliwe, Methuselah alisema mashua isiyosafiri ni mbao tu, na mwenyekiti akatuandikia sharti lile.

Okwara, aliyevua na Egesa miaka kumi na mmoja, alikubali kunisaidia. Aliziba nafasi za mbao kwa pamba na kupigilia vipande vya mabati juu yake. Kisha tuliigeuza, tukaisukuma hadi maji yalipoifikia kiunoni, tukaijaza mawe na kuiacha siku tatu. Mbao zilizokauka lazima zinywe maji zivimbe, ndipo zibane. Tanga la zamani lilikuwa limeliwa na panya, kwa hiyo nilishona jipya kwa turubai la lori. Nililizungushia ringi za shaba pande zote, maana mikono yangu haijui njia nyingine.

"Hii ni tanga ama ni nguo ya lori?" Okwara aliuliza alipoliona.

"Ni tanga. Funga."

"Ringi zote hizi za nini, Mama Sharlyne? Kwani tunavukisha mahindi mpaka?"

Jumamosi saa moja asubuhi tulikuwa tayari. Nilisimama ndani ya Yoga nikaomba kwa sauti, watu wa ufuo wakisikiliza. Okwara alisema amina macho yakiwa wazi, akitazama mawingu. Methuselah naye alikuwa amewasha injini ya boti yake. Kwenye pua ya boti aliweka kamba mpya ya manjano, mahali ambapo kila mtu angeiona.

"Nitakuwa karibu tu, shemeji," alisema. "Nyinyi watu wa Malaba mnajua foleni ya malori. Maji hayana foleni."

"Basi usinipitie mbele," nikamjibu.

Upepo wa nchi kavu ulitusukuma vizuri kwa saa mbili. Yoga ilikwenda imenyooka, kavu kama meza. Nilianza kuimba. Okwara hakuimba. Alisema upepo huu utakufa, na ule wa ziwani ukija ndio utatuambia ukweli.

Ulikuja saa nne, kutoka kulia, kwa nguvu. Mashua ililala upande wa kushoto mpaka nikashika ubao wa kukalia.

"Legeza kamba ya tanga," Okwara akaniambia.

Nilivuta fundo na fundo halikufunguka. Lilikuwa fundo langu la kila siku, lile ninalowafungia madereva wanaokwenda Kampala. Linazidi kukaza kadiri mzigo unavyolivuta, na kwa lori hiyo ndiyo sifa yake. Hapa lingetupindua. Nilitoa kisu nikakata kamba. Tanga likapiga kelele kama mabati kwenye tufani, na Yoga ikasimama wima.

"Fundo la lori," Okwara alisema. Hakuwa anacheka. "Shika kwa mkono, zungusha mara mbili, usifunge. Upepo unataka kuombwa ruhusa."

Nilifanya hivyo, tukaendelea. Hilo lilikuwa kosa langu na nililisahihisha. Lakini baada ya dakika chache nilihisi maji kwenye vifundo vya miguu. Okwara aliniachia usukani, nikaubana kwapani, naye akapiga magoti, akaanza kusukuma pamba zaidi chini, kwenye ubao ulio karibu na mkuku, ule uti wa mgongo wa mashua. Alisukuma, nikateka maji kwa kopo kwa mkono wangu mmoja, na maji yakaongezeka. Akahamia mahali pengine, akasukuma tena. Maji yakafika nusu ya muundi.

Boti ya Methuselah ilikaribia. Kamba ya manjano iliruka, ikaangukia mapajani mwangu.

"Funga kwa mlingoti," alisema. "Mbao ni mbao tu, shemeji. Una mtoto nyumbani."

Aliposema mtoto, moyo wangu ulilegea, sitaficha. Sharlyne ana miaka kumi na minne na hana baba. Niliishika ile kamba. Ilikuwa kavu na nzuri. Okwara alinitazama, na nilijua kwamba lolote nitakaloamua atalifuata.

Nikaomba. Sikumwomba Mungu aondoe maji. Nilimwomba anionyeshe yanapoingilia.

Kisha nikaitupa kamba ziwani.

"Okwara, asubuhi tulipata maji?"

"Hapana."

"Tanga lilipolegea, yaliongezeka?"

Akafikiri. "Hapana. Ilikuwa imesimama."

"Basi acha chini. Chini hakuvuji."

Nililegeza tanga mashua ikasimama, nikahesabu mpaka thelathini. Maji hayakupanda. Nikavuta tanga, Yoga ikalala kushoto, na sasa sikutazama miguuni, nilitazama juu. Kati ya ubao wa pili na wa tatu kutoka ukingoni palikuwa na mstari mrefu wa maji, mwembamba kama uzi, unamwagika ndani bila kelele. Zile siku tatu za mawe, maji yaliifikia Yoga kiunoni tu. Mbao za chini zilikunywa. Za juu hazikuonja hata tone, na kila upepo ulipotulaza, tulikuwa tunazama kupitia mbao zenye kiu.

"Pamba haitoshi hapo," Okwara alisema. "Ni urefu wa watu wawili."

"Tanga ni kubwa mno?"

"Tangu asubuhi nasema ni kubwa."

"Hukusema."

"Nilisema moyoni. Ulikuwa unaimba."

Tukashusha tanga. Nilichukua kisu nikalikata upande wa chini, kipande kipana kama kitanda na kirefu kuliko mstari ule, kazi yangu ya wiki mbili. Kwenye boti ile nyingine Methuselah alisimama.

"Sasa anakata tanga," alimwambia dereva wake. "Amechanganyikiwa."

Lori likivuja, halizibwi tundu kwa tundu. Linafunikwa. Okwara alishika ncha moja mbele, mimi nikashika nyingine nyuma, tukalishusha lile turubai nje ya ubavu wa kushoto. Ukingo wake wa chini ulikuwa na ringi za shaba tangu mwanzo. Tulifunga kamba kwenye ringi hizo, tukazipitisha chini ya mkuku na kuzipandisha upande wa kulia. Ukingo wa juu niliutoboa kwa sindano yangu kubwa na kuukaza kwenye mbavu za ndani. Hapo nilitumia fundo la lori, kila mahali. Hapo nilitaka likaze lisifunguke kamwe.

"Ringi zote hizi za nini?" nilimuuliza Okwara.

"Endelea kufunga, Mama Sharlyne."

Nilishona pembe mpya ya tanga, mshono wa haraka wenye sura mbaya, tukalipandisha. Lilikuwa dogo sasa. Yoga ililala kidogo tu. Upande wa kushoto turubai lilibanwa na maji yenyewe dhidi ya mbao, na ule uzi ukakonda, ukawa matone. Nilikuwa nateka makopo manne, kisha napumzika. Tulikwenda polepole, mzigo umefungwa, na boti ya injini ikazunguka nyuma yetu bila kazi.

Mkuku uligusa mchanga wa Port Victoria saa nane mchana. Niliusikia kwa nyayo.

Methuselah alifika akaitazama Yoga na kamba zake. "Hii si mashua. Hii ni gunia limefungwa."

"Imevutwa?"

Nilitoa karatasi kifuani, ilikuwa na unyevu kidogo, nikaisoma mbele ya wachuuzi wa samaki, mistari yote minne. Kwenye neno "itapasuliwa" nilikwama, na hakuna aliyenisaidia. Nikalirudia mpaka likatoka. Kisha nikaikunja, nikampa aisome mwenyewe. Alinirudishia bila kuifungua.

Mimi na Okwara tulitoa turubai, tukaisukuma Yoga tena majini, ndani zaidi kuliko Sio Port, tukaanza kupakia mawe.

"Umeshinda, halafu unaizamisha?" Methuselah aliuliza kutoka ufuoni.

Ukingo ulishuka, maji yakaingia juu ya ubao wa mwisho, na neno la Egesa likapotea chini yake herufi kwa herufi.

"Hizi za juu hazijanywa," nilimwambia. "Jumatano narudi nayo Sio Port. Hiyo kamba yako uikaushe."