Redio ya Bernadina

Kila siku saa kumi na mbili asubuhi, majembe yangali yameegemea kuta, Mkumbara nzima ilimsikiliza Bernadina. Mumewe Matayo, aliyewahi kuwa fundi umeme kwenye shamba la mkonge, alikuwa amefunga spika kwenye nguzo nyuma ya nyumba na kuiunganisha na betri ya lori. Kazi ya kusema akamwachia mkewe, na Bernadina alikuwa na ulimi mwepesi. Mbuzi wa Swaumu kapotea, ana doa jeupe shingoni. Paulo kapata binti, mama na mtoto wazima. Aliyeazima baiskeli ya mwalimu airudishe, jina lake tunalo.

Watu wakaiita Redio Mkumbara.

Mwaka mmoja baada ya Azimio la Arusha, Bwana Kasmiri, afisa habari kutoka Korogwe, alishuka kwenye basi Bernadina akiwa hewani. Habari ya baiskeli ilimchekesha. Kisha akakumbuka kazi iliyomleta.

"Mama, redio hii ni ya nani?"

"Yetu, mimi na Baba Rosa."

"Hapo ndipo penye tatizo. Sera ya serikali ni kwamba utangazaji ni wa umma. Mtu binafsi haruhusiwi kuwa na chombo chake."

"Bwana Afisa, hii ni spika tu," Matayo akasema.

"Leo ni yako, mzee wangu. Kesho tajiri akifunga kubwa kuliko hii, si atawatangazia anayoyataka yeye?"

Bernadina aliona neno hilo lina ukweli, na ndiyo maana lilimuudhi. "Na Dar es Salaam watatutangazia mbuzi wa Swaumu?"

"Waandikieni barua."

"Barua ikifika, mbuzi keshakuwa mchuzi!"

Kasmiri akawapa siku saba wawe wameizima.

Siku ya tatu kulikuwa na mkutano wa kijiji. Bernadina akasimama. "Mabenki yametaifishwa. Mkonge umetaifishwa. Basi na sisi tutaifisheni, spika iwe ya kijiji!"

Watu waliangua kicheko, kisha wakapiga makofi. Mzee Mhina, mwenyekiti, akaafiki papo hapo. Matayo peke yake hakucheka.

"Ungeniuliza kwanza," alisema walipofika nyumbani.

"Ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo."

"Na ingezimwa, Baba Rosa."

Matayo akatoka nje, akapangusa vumbi kwenye betri ambayo haikuwa na vumbi. Bernadina alimtazama kupitia dirisha, na ushindi wake ukapungua utamu.

Kasmiri alirudi, akaridhika, akaondoka. Kamati ikaundwa, na Mzee Mhina akashika maikrofoni mwenyewe. Alisoma waraka mmoja, akasoma wa pili, jua likapanda. Kufikia Jumatano watu walikuwa wanaondoka kwenda shambani angali anasoma. Alhamisi Swaumu aliachwa na lori la Tanga, yeye na matenga yake ya nyanya, kwa kuwa hakuna aliyetangaza kwamba lingeondoka mapema.

Ijumaa kamati nzima ikaja uani kwa Bernadina.

"Mama Rosa, turudie kazini," Mzee Mhina akasema, macho chini.

"Shikamoo, mwenyekiti. Nitarudi. Kamati ichukue dakika kumi za mwanzo. Zinazobaki ni za yeyote mwenye neno, hata mwenye malalamiko juu ya kamati."

"Hata malalamiko?"

"Si ni ya umma?"

Mzee Mhina akakubali.

Wa kwanza kuja alikuwa Elina, jirani asiyeogopa mtu. Bernadina akatangaza neno lake lilivyo: zamu tatu za palizi kwenye shamba la kijiji, mwenyekiti hajaonekana. Kabla jua halijakaa sawa, Mzee Mhina alipita barabarani na jembe begani, akisalimia watu kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Matayo alicheka mpaka akashika ubavu. Tangu siku ya mkutano hakuwa amecheka.

"Kesho nipe dakika mbili," alimwambia mkewe.

"Za nini?"

"Za kuwaambia kwamba spika hiyo ya umma niliifunga mimi."

"Nakupa," Bernadina akasema. "Lakini uje mapema, foleni ni ndefu."