Kijani Chini ya Nyeupe

Lori liliinuliwa juu ya stendi za chuma gerejini baada ya chai ya saa nne. Fundi mkuu akalizunguka akiligonga kwa mpini wa nyundo, hapa na pale, kama mtu anayechagua tikiti sokoni. Penye chuma kizima paliita, penye kutu palinyamaza. Kisha akatoa amri yake ya siku zote: rangi yote itoke mpaka chuma kitupu, ndipo dawa ya kutu ipakwe. Fundi huyu hakuwahi kupaka dawa juu ya rangi ya zamani, na asingepaka hata angeombwa na mama yake mzazi. Kupaka juu ya kutu, alikuwa akisema, ni kufunika kombe mwanaharamu apite, na kutu ni mwanaharamu asiyepita. Anakaa humohumo ndani, anakula.

Lori lenyewe lilikuwa la kwanza kununuliwa na Tajiri, enzi hizo ana lori moja na mashati mawili. Sasa malori yake hata yeye hajui idadi yake, kampuni inaandaa sherehe, na alitaka mzee huyu wa pua ndefu asimame getini anang'aa ili wageni wapige naye picha. Kazi ya kukwangua akapewa Mama Msasa, kwa sababu hakuna aliyekwangua vizuri kumshinda.

Jina lake la nyumbani gereji ilishalisahau. Alifika pale akiwa mjane mwenye mtoto mchanga mgongoni, muda mfupi baada ya mumewe kufa kwenye lori hilihili. Lilipinda kiuno kwenye mteremko, likalala na mzigo wake na dereva wake. Tajiri alisema dereva alikuwa amelewa. Alisema msibani, akasema kituo cha polisi, akasema kwa watu wa bima, na neno likisemwa na mwenye mali huota mizizi hata juu ya saruji. Halafu akampa mjane kazi ya kufagia, na watu wakasema jamani, Tajiri ana roho nzuri.

Mama Msasa naye aliamini. Hilo ndilo lililomla miaka yote. Kaburini hakulia. Alisema tu, "Umechagua chupa," akafunga khanga yake vizuri akarudi nyumbani kumkasirikia marehemu. Binti yake akakua anaitwa mtoto wa mlevi, mwisho akazoea kama mtu anavyozoea kiatu kinachobana.

Rangi ya juu ilikuwa nyeupe, iliyopakwa baada ya ajali. Ilipoanza kutoka, chini yake pakaonekana kijani. Kijani ilipofikia upana wa meza, redio ya gereji ikaanza kutangaza mechi ya timu iliyovunjwa zamani, na fundi mkuu akaota tena jino lake la mbele lililong'oka miaka mingi iliyopita. Alilipapasa kwa ulimi, akaona liko imara, akaendelea kuchanganya dawa. Rangi ina siku zake. Siku za kijani hazikuwa zimekwenda popote, zilifunikwa tu.

Mama Msasa alipomaliza kukwangua mlango wa kulia, dereva alikuwa ameketi kwenye usukani, kiwiko nje ya dirisha, anakula mkate.

"Shikamoo, mama," alimwambia mkewe.

Alikuwa kijana. Mama Msasa alishasahau kwamba mumewe alikuwa kijana kiasi kile. Alivaa shati ambalo mfuko wake ulishonwa kwa uzi wa rangi nyingine, kwa kuwa siku ile nyumbani uzi uliofanana ulikuwa umekwisha, na aliyeushona ndiye huyu aliyesimama hapa na mvi zake na magoti yake yanayolia. Angeweza kumwambia, mimi ni mkeo. Lakini angeanzia wapi? Mtu hawezi kuelezwa kwamba alikufa ilhali ana mkate mdomoni.

"Marahaba, mwanangu," alisema. Akainama akapiga brashi ya waya kwenye ndoo ingawa haikuwa na uchafu.

Gereji ikampokea dereva. Fundi mkuu alimmiminia chai, akamuuliza habari za barabara, wakabishana kidogo kuhusu mechi. Dereva alitembea popote penye kijani: kwenye kichwa cha lori, kwenye bodi, juu ya chesisi, ule uti wa mgongo wa lori. Palipokwisha kuwa chuma kitupu hakufika. Alisifu rangi yake, akasema Tajiri kaipaka wiki ile tu.

"Ila bado linalia," alimwambia Mama Msasa. "Nilimwambia bosi, mkono wa kushoto, nyuma ya kichwa, nikipakia mzigo nasikia kama mtu anasaga meno. Akalipeleka kwa fundi fulani, likarudi kijani. Lakini linalia, mama."

"Unanywa pombe?" Mama Msasa alimuuliza. Lilimtoka tu.

Dereva akacheka. "Mimi? Mke wangu hata harufu yake hataki. Nikinusa kizibo tu nalala kwa jirani."

Ilikuwa kweli, na Mama Msasa aliijua. Aliijua hata siku ya mazishi. Lakini walisema chupa ilikutwa kwenye lori, na mtu akishafiwa haulizi mambo kwa utaratibu.

Alichukua patasi akaingia chini ya lori, mkono wa kushoto, nyuma ya kichwa. Chini ya kijani hapakuwa na chuma. Palikuwa na puti, ileile ya kujazia mikwaruzo ya bodi, imeshindiliwa kwa kidole gumba; alama za kidole zilikuwa bado zipo. Ilibanduka vipande vipande ikamwangukia kifuani. Nyuma yake kulikuwa na ufa uliopanda chesisi mpaka zaidi ya nusu. Puti kwenye chesisi. Fundi mkuu alijilaza kando yake kwenye gunia, akapitisha kidole kwenye ufa ule kutoka chini mpaka juu.

"Huku ni kuua," alisema kwa sauti ya chini, kwa sababu mshahara wake unatoka kwa muuaji.

Tajiri alikuja mchana kukagua. Alimkuta dereva amekaa kwenye bampa, wakasalimiana vizuri, wakaulizana hali za nyumbani. Puti ilikuwa imetapakaa sakafuni mbele ya viatu vyake.

"Bosi," dereva alisema, "kumbe pale pana ufa."

"Limetengenezwa," Tajiri alisema.

Hakupepesa jicho. Alilisema kama alivyolisema mara ya kwanza, kama mtu anayekuambia ni saa ngapi. Dereva akautazama ufa, akamtazama bosi wake. Nyumbani ana mke mwenye mimba kubwa na kodi ya chumba.

"Sawa, bosi," alisema.

Hapo Mama Msasa akasimama. Hakuwahi kusimama mbele ya Tajiri isipokuwa kupokea kitu. "Tajiri, sema hakuwa amelewa. Watu wenyewe ndio sisi hapa, na yeye yupo. Sema tu, sitakuomba kingine."

"Mama Msasa," Tajiri alisema kwa upole, na upole wake ndio ulikuwa mbaya zaidi, "hayo ni ya zamani. Yamepita. Tukianza kufukua kila kaburi tutalima wapi?"

Ya zamani yalikuwa yamekaa kwenye bampa yanapuliza chai. Tajiri akamgeukia fundi mkuu: chuma kitupu kote, ufa ujazwe, maana lori halitatembea tena na ufa wa getini haumdhuru mtu, kisha dawa ya kutu mara mbili. Fundi mkuu akasema ndiyo. Baadaye Mama Msasa alipomuuliza kama angeweza kusimama popote kusema alichokiona, alijibu, "Dada yangu, nina watoto," akaenda kunawa mikono.

Mama Msasa alimpigia binti yake simu akamwambia aje, baba yake yupo gerejini na hakuwa mlevi. Binti alikuwa kazini. Akamuuliza mama kama amekula, akasema angekuja siku ya sherehe.

Kijani ikapungua. Ilipotoka kwenye bodi, dereva alibaki kwenye kichwa cha lori. Ilipotoka kwenye paa na boneti, akabaki kwenye kiti, na mwisho akabaki mlangoni, kiwiko na uso tu.

"Tuache huu mlango," Mama Msasa alimwomba fundi mkuu. "Mlango mmoja tu."

"Ningeuacha," alisema, na macho yake yalikuwa mekundu. "Lakini kutu imeshaingia chini ya rangi, ona hapa panavyovimba. Tukiiacha, mwaka hauishi mlango umetoboka, na yeye atatoboka nao. Unataka kumwona anatoboka?"

Hakutaka. Alisema basi atakwangua mwenyewe, watu wengine wakae mbali.

Alitumia msasa laini, ule wa kumalizia, ambao huchukua muda. Dereva alizungumza naye wakati wote, kwa kuwa hakuwa na pengine pa kwenda. Alimwambia mkewe anakaribia kujifungua, naye anaogopa, ila hilo asimwambie mtu.

"Atakuzalia binti," Mama Msasa alisema.

"Umejuaje?"

"Sisi wazee tunajua. Mrefu, mkaidi. Masikio yako."

Dereva alifurahi mpaka akashika masikio yake. Mama Msasa alisugua, vumbi la kijani likimwingia kwenye mikunjo ya vidole.

"Nisamehe," alimwambia.

"Nikusamehe nini tena, mama yangu? Endelea tu, hainiumi."

Akaendelea. Palipobaki upana wa kiganja palikuwa na jicho na nusu ya tabasamu. Aliweka kiganja chake hapo mpaka chuma kikapata joto, kisha akakitoa akamalizia. Redio ikakoroma ikarudi kwenye habari za leo. Fundi mkuu akatema jino, akalifunga kwenye karatasi akalitia mfukoni.

Dawa ya kutu alipaka Mama Msasa, mara mbili, mpaka ndani ya pembe za chesisi ambako hakuna mgeni angechungulia. Hakujua kupaka vibaya. Juu yake ikaja rangi nyekundu aliyoichagua Tajiri.

Siku ya sherehe lori lilisimama getini limefungwa utepe. Binti alikuja amevaa vizuri, akakaa karibu na mama yake kwenye viti vya wafanyakazi. Tajiri alishika kipaza sauti akasimulia alivyoanza na lori moja, na jinsi alivyokaribia kulipoteza kwa sababu ya dereva mlevi, na jinsi alivyomsamehe marehemu yule na kumtunzia familia yake mpaka leo.

Binti aliinama karibu na sikio la mama. "Kweli ulimwona?"

"Nilimwona."

"Alikuwaje?"

"Kijana. Umri wako. Alikuwa anakuogopa kabla hujazaliwa."

Binti alilitazama lori. "Alikuwa amelewa?"

"Hapana," mama alisema. "Hanywi."

Binti akaitikia kwa kichwa, kama mtu anavyomkubalia mzazi ili yaishe. Kisha akapiga makofi, kwa sababu watu wote walikuwa wanapiga.